Mabati Kumi na Manne

Jumapili ile Musimbi alijua mambo yameharibika pale tu binti yake alipokabidhiwa maikrofoni.

Kanisa lao la mtaa wa Langas lina desturi yake. Ukipata jambo jema, unasimama mbele ya watu na kushukuru. Ukipona malaria, unasimama. Ukipita mtihani, unasimama. Ukirudishiwa simu uliyosahau kwa kinyozi, unasimama pia, na watu wanakupigia makofi. Hakuna ubaya. Lakini mtu mwenye akili zake husimama, akasema Mungu amemtendea, akaketi, na mengine yote akayaacha huko huko kwa Mungu. Nakhumicha, kwa miaka yake ishirini na mmoja na masomo yake yote ya stima, hilo hakulijua.

"Bwana asifiwe," alisema, na watu wakaitikia. "Nimekuwa kwa atachimenti miezi tatu huko Elgon View, kuweka waya kwa nyumba ya Daktari Sylvia. Mnajua sisi wanafunzi hatulipwagwi, tunafunzwa tu kazi. Sasa Ijumaa nikaona simu imelia. Kuangalia, daktari amenitumia elfu kumi na mbili."

Kanisa zima likapiga makofi isipokuwa mama yake. Musimbi alikuwa amefumba macho, na waliokaa karibu naye walidhani anaomba. Alikuwa anahesabu vichwa. Watu themanini hivi, bila watoto, na watoto nao wana midomo.

Walipofika nyumbani hakumgombeza. Alimwambia tu abandike maji ya chai, mengi, kwa sababu wageni walikuwa njiani.

Na kweli, majani hayajachemka vizuri, Mzee Wamalwa wa kanisa akapiga hodi. Alipita tu kusalimia, alisema. Akanywa vikombe viwili, akasifu elimu ya wasichana, akamalizia na kinanda cha kanisa ambacho kilikuwa na sauti nne zilizokufa. Kabla hajanyanyuka akaingia Kituyi, binamu ya baba ya Nakhumicha, aliyekuwa na wazo la kufuga kuku. Kituyi huwa na wazo la kuku kila mwaka. Kinachobadilika ni idadi ya kuku. Nyuma yake wakaja wanafunzi watatu wa darasa la Nakhumicha, ambao hawakutaka mambo mengi. Walitaka nyama choma.

"Hizi si za fees, hizi ni za kuponda raha," mmoja wao alieleza kwa upole, kama wakili. "Juu hukuwa umezipangia. Kitu hujapanga, ukikula hujapoteza."

Musimbi aliwajibu wote jibu moja. Aliwaambia pesa zimeshapata kazi, akawaongeza chai.

Jioni simu yake ikalia. Alikuwa mumewe, Wesonga, ambaye ni mlinzi wa shule moja huko Ainabkoi na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Nasikia mtoto amepata laki moja na ishirini," Wesonga alisema.

"Ni elfu kumi na mbili."

Kutoka Langas hadi Ainabkoi pesa zilikuwa zimeokota sifuri njiani. Wesonga akasema hata hiyo si mbaya. Hakuomba chochote. Kwa mambo ya pesa zisizotarajiwa, Wesonga alijua kabisa kwamba hana uso wa kuomba.

Miaka minane nyuma, kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipunguza watu, na kila aliyeondoka akalipwa haki zake zote kwa mkupuo. Wesonga alipata pesa ambazo hakuwahi kuziona pamoja maishani. Zilikaa nyumbani miezi minne. Mwenye harusi alikuja, mwenye matanga alikuja, mwenye wazo alikuja. Wesonga ana moyo mzuri, na mtu mwenye moyo mzuri na pesa mfukoni ni kazi ya serikali kumlinda. Shilingi mia mbili za mwisho alizitumia kumnunulia soda na mkate mtu aliyekuja kumpa pole kwa kuishiwa.

Tangu hapo Musimbi haweki pesa. Anaweka mabati. Kila mara chapati na maharagwe ya madondo anayouzia vibarua wa mjengo yakimletea faida ya kutosha, anaenda dukani ananunua bati moja, analileta nyumbani na kuliegemeza ukutani nyuma ya kitanda, hapo hapo katika chumba chao cha kupanga. Siku moja yatakuwa paa la nyumba huko kwao Kimilili. Alikuwa amefikisha ishirini na saba. Uzuri wa bati, kwa mawazo yake, ni kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuja kwa mtu Jumapili saa tisa akamwambia, nikopeshe bati nitakurudishia mwisho wa mwezi.

Basi Jumatatu asubuhi, kabla Kituyi hajaamka, mama na binti walikuwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Kinyanjui.

"Mabati, geji thelathini, ya mita mbili," Musimbi alisema. "Kumi na manne."

Kinyanjui alimtazama Nakhumicha, kwa sababu ndiye aliyeshika simu. Nakhumicha alikuwa anaangalia rafu. Kwenye rafu kulikuwa na mashine ya kutoboa ukuta ndani ya kisanduku chake, na bei imeandikwa juu kwa kalamu nene: elfu saba na mia tano.

"Mathe," alisema polepole, "kuna jirani ya Daktari Sylvia anataka taa za geti na za bustani. Alhamisi. Ameniulizia mimi kwa jina. Lakini anataka fundi mwenye mashine yake."

"Kazi ya siku ngapi?"

"Mbili."

"Na siku ya tatu?"

Nakhumicha akarudisha macho kwenye rafu.

"Unaona?" Musimbi alisema. "Siku ya tatu mashine imekaa kwa meza, Kituyi ameiona, amesema anaazima dakika tano tu. Wewe unaijua dakika tano ya Kituyi."

"Ni kazi yangu ya kwanza, Mathe. Si ya kushikia mtu ngazi. Yangu."

"Kazi zitakuja, wewe bado mwanafunzi. Pesa ya bahati haina kesho. Ikiingia inafungiwa hapo hapo, ama inaenda na hujui imeenda na nani. Muulize baba yako."

Kinyanjui, ambaye angeuza kitu vyovyote vile, aliangalia dari. Nakhumicha akatoa simu yake, akabonyeza nambari moja moja, akalipa. Hakubishana. Msichana aliyekuwa na kichwa kigumu cha kumpinga fundi yeyote juu ya waya, kwa mama yake alikuwa anajua kunyamaza.

Nyumbani, Musimbi hakuyachanganya mabati hayo na yake. Aliyapanga kwenye ukuta wa pili, peke yao, akayafunika kwa leso mpya ya kujifunga.

"Haya ni yako," alisema, na akainua mkono. "Mimi mama yako siwezi kuyagusa, hata kuwe na nini. Mungu ananisikia."

"Asante, Mathe."

Hiyo asante ilimchoma Musimbi. Angependa msichana abamize mlango, apate sababu ya kumkaripia. Lakini Nakhumicha alichukua vitabu vyake akaenda chuoni. Siku ile na iliyofuata alionekana akipiga simu kwa kila mtu anayemjua kutafuta mashine ya kuazima. Mwenye mashine alikuwa kazini nayo, na asiye nayo alimpa moyo. Jumanne jioni alikula ugali wake wote, akasema kazi ya Alhamisi basi tena, akaosha vyombo bila kuambiwa. Musimbi alilala akiwa na hakika kwamba amefanya vizuri, na akashangaa kwa nini hakika yenyewe inamnyima usingizi.

Jumatano mchana Kigen alikuja kula kwenye kibanda cha chakula cha Musimbi. Kigen ni msimamizi wa mjengo ambao Musimbi huuzia chakula. Ndiye pia aliyesimamia nyumba ya Daktari Sylvia, na ndiye aliyemtafutia Nakhumicha nafasi pale, kwa ajili ya madondo ya mama yake.

"Mama, nasikia Nakhumicha haendi kwa ile kazi kesho," alisema.

"Hana mashine."

"Na zile pesa alitumiwa?"

"Tumeweka," Musimbi alisema, na kidevu chake kikapanda kidogo. "Ilikuwa pesa ya bahati. Daktari alimwonea tu huruma, mtoto wa watu kufanya bure miezi tatu."

Kigen aliacha kutafuna. "Huruma? Kwani hakukuambia ya heater?"

"Heater gani?"

Kigen akasogeza sahani. Nyumba ile ilikuwa imekwisha, alisema, hata watu wa rangi walikuwa wameingia. Nakhumicha akamwambia fundi mkuu wa stima kwamba waya wa kuchemshia maji ya bafu ni mwembamba kuliko inavyotakiwa, siku moja utashika moto ndani ya ukuta. Fundi akamwambia abebe nyaya na aache kujifanya injinia. Akaja kwake Kigen. Kigen naye, na hapa alikubali kosa lake, akamwambia arudi kazini. Basi msichana akamngoja mwenye nyumba kwa geti, akamwambia yeye mwenyewe. Ukuta ukapasuliwa, na waya ukakutwa mwembamba vile vile alivyosema. Vyumba vitatu vikarudiwa. Fundi yule hakumsalimia Nakhumicha tena mpaka siku ya mwisho.

"Daktari ana watoto wawili kwa hiyo nyumba," Kigen alisema. "Hiyo si huruma, Mama. Huyo msichana alilipwa. Na ni kidogo."

Musimbi alikuwa amesimama na kijiko mkononi. Chapati iliungua upande mmoja, jambo ambalo watu wa mjengo ule hawakuwahi kuliona, na wawili wakageuka kutazama kama kuna msiba.

"Na huyo jirani," Musimbi aliuliza, "akimkosa Nakhumicha kesho, anamwita nani?"

"Ako na namba ya fundi mmoja tu mwingine," Kigen alisema. "Yule yule."

Musimbi aliondoa chapati iliyoungua akaila mwenyewe, kavu, akiwa amesimama. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi. Fundi hakuwepo. Kigen alikuwa ameshakiri. Alibaki yeye mwenyewe, ambaye alikuwa ameita jasho la mtoto wake bahati, mbele ya Kinyanjui, kwa sauti.

Dawa ilikuwa wazi: auze yale mabati kumi na manne. Lakini alikuwa ameapa, mkono juu. Musimbi si mtu wa kuapa Jumatatu na kujirudi Jumatano, na kusema kweli, hata bila kiapo, kwenda kufunua ile leso kungekuwa sawa na kusema nilikosea. Maneno hayo hayakuwahi kupita vizuri kooni mwake. Afadhali apoteze mali.

"Kigen," alisema. "Ile stoo yenu ya simiti bado inavuja?"

"Inavuja sana."

"Nina mabati. Hayajaguswa na msumari. Mia saba moja."

"Mia sita na nusu, Mama."

"Mia saba, na leo hulipi chakula."

Kigen alitazama sahani yake, akaongeza kijiko kingine cha madondo, akakubali.

Watu wawili wa mkokoteni walimfuata hadi nyumbani. Wa kwanza alipoingia alishika moja kwa moja yaliyofunikwa leso, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mlango.

"Hayo hapana," Musimbi alisema. "Ya huku."

Yakatoka kumi na moja, kutoka yale yake ishirini na saba. Aliumia, hakuna haja ya kuficha. Kila moja alikuwa analijua. Kuna lililonunuliwa baada ya mvua kubwa iliyowafungia mjengo wiki nzima. Kuna lililonunuliwa mwezi ambao Wesonga alileta mshahara wote bila kupitia kwa mtu. Aliyaona yakipanda mkokoteni na kulia njia nzima kwenye mashimo ya Langas, akatembea nyuma yake akiwa na uso mkavu kabisa, na watu wakamwamkia wasijue lolote.

Baadaye dukani, Kinyanjui alimwona akiingia peke yake na pesa mkononi, akasogea mwenyewe hadi kwenye rafu.

"Jumatatu si ulisema mashine ni ya kuazimwa tu, Mama?"

"Jumatatu nilikuwa mteja mwingine," Musimbi alisema. "Hii ikiharibika nakuletea wewe, si fundi. Na vile vyuma vyake vya kutobolea, weka vyote. Usinipe sanduku lenye kitu kimoja kinacheza ndani."

Nakhumicha aliporudi kutoka chuoni jua lilikuwa bado juu. Sanduku lilikuwa mezani, katikati, pale panapokaa sufuria. Alilitazama. Halafu akatazama leso, akaona mabati yake yako vile vile, kumi na manne, hayajaguswa. Ndipo akageukia ukuta wa nyuma ya kitanda. Aliyahesabu yaliyobaki kwa kidole, na Musimbi akaanza kupanga vikombe visivyohitaji kupangwa.

"Mathe, ungeuza zangu."

"Zako niliapia."

"Lakini hizo ni za nyumba yako."

"Nyumba yenyewe haina hata ukuta. Paa linaharakia wapi?" Musimbi akageuza kikombe kimoja, akakirudisha. "Kigen ameniambia mambo ya heater. Mbona hukuniambia?"

Nakhumicha aliweka vitabu vyake chini. "Ungesema ninyamaze. Ungesema nitaharibu nafasi niliyopewa na watu."

Musimbi alifungua mdomo kukataa. Alijaribu kujiona siku ile, binti yake amerudi na vumbi la ukuta kichwani, anamwambia fundi mkuu amekosea. Alijisikia kabisa vile angemjibu.

"Ningesema hivyo," alikiri. "Kweli, ningesema hivyo hivyo."

Kwa miaka yote ya maisha yake Nakhumicha hakuwahi kupata kwa mama yake kitu kilichokaribia kuomba msamaha kiasi hicho. Alikaa kitandani akaanza kucheka, na kucheka kukachanganyika na machozi, na Musimbi akamrushia kitambaa cha meza ajipanguse.

"Usinilowanishie godoro. Sikiza. Hiyo si zawadi. Kila kazi ukifanya, bati moja linarudi pale ukutani. Pesa zingine ni zako, weka ama kula, sitauliza."

"Na nikipata kazi mingi?"

"Mabati yatalala ndani, sisi tulale nje."

Alhamisi Musimbi aliwapa watu wa mjengo chakula mapema, akamwachia Kigen sufuria na onyo, akafunga chapati nne kwa karatasi na kuelekea Elgon View. Alijiambia anapeleka chakula. Lakini alipofika kwenye nyumba aliyoelekezwa, yenye ukuta mrefu na maua yaliyomwagika nje, mkono ulikataa kubisha. Msichana akiwa kazini haendewi na mama yake. Akasimama kando ya geti, na kifurushi chake, bila kujua sasa afanye nini.

Ndipo akaisikia. Mashine ilinguruma upande wa pili wa ukuta, ikauma, ikanyamaza. Kukawa na kugonga kidogo. Halafu ikanguruma tena, ndefu zaidi, bila kusitasita, na unga mweupe wa ukuta ukapepea juu ya maua. Musimbi alihisi mtetemo ule hadi kwenye nyayo. Furaha ilimjaa ghafla, furaha nzito isiyo na adabu, akataka kumshika mtu yeyote amwonyeshe.

Kidirisha cha geti kilifunguka, na mlinzi akachungulia.

"Mama, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Hiyo mashine."

Mlinzi alimtazama vizuri, viatu hadi kitambaa cha kichwa, kama watu wa kazi yake wanavyotakiwa kutazama. "Ni fundi wa stima," alisema. "Msichana mdogo tu. Alikuja asubuhi saa moja, wenyewe hata hawajaamka. Amekataa kuanza mpaka amekagua waya zote za zamani, hata zenye hakuitiwa." Akashusha sauti. "Kwani wewe ni nani wake?"

Mashine ilikuwa imenyamaza, na Musimbi alingoja mpaka ilipoanza tena.

"Mimi ni mama ya fundi," alisema.

Mlinzi alifunga kidirisha. Musimbi alidhani amefukuzwa, na hakujali. Lakini geti likafunguka kidogo, mlinzi akatoka na kiti chake cha plastiki, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta. Musimbi akaketi. Akafungua karatasi, akampa chapati moja, na wote wawili wakaisikiliza mashine ikifanya kazi.